UZI: "Mkinichagua, mpira utarudi kwa TV ya bure." Haya, tuizungumze hii ahadi

1/ Jumamosi jioni hapa Kutus, ukishuka kwa steji utaona kitu kimoja. Baa zenye dikoda zimejaa, na nje ya dirisha kuna vijana wa boda na wanafunzi wa chuo wamesimama kwa ncha za vidole wakichungulia skrini. Ndani lazima ununue kitu. Nje ni bure, lakini huoni bao, unaona mgongo wa mtu.

2/ Mwanasiasa anayejua kazi yake hawezi kuiacha picha hiyo ipite. Kila msimu wa kampeni, iwe kwenye matanga au fainali ya kombe la mtaa, utasikia: "Mkinichagua, mpira utarudi kwa TV ya bure!" Makofi. Mpinzani wake anajibu: "Huo ni uongo, hayo ni mambo ya kampuni binafsi." Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

3/ Uzi huu hautaji mtu wala chama. Kazi yake ni kufafanua: haki za matangazo ya michezo ni nini, nani anazimiliki, serikali inaweza nini, kaunti inaweza nini, na ni maswali gani ya kumuuliza mheshimiwa akishuka kwa gari. Ni mrefu kidogo. Chukua chai.

4/ Tuanze hapa: ni nini hasa kinachouzwa? Si matokeo. Matokeo hayana mwenyewe. Ukiandika kwa grupu la WhatsApp "2-1, dakika ya 80" hujavunja sheria yoyote. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuingiza kamera uwanjani, pamoja na haki juu ya picha zinazotoka humo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda matangazo ya redio na TV kama inavyolinda muziki.

5/ Sasa hili neno "haki za kipekee". Chukua mfano wa mpunga. Mkulima wa pishori kule Mwea anaweza kuvuna, akakausha, akauzia kila anayekuja. Au anaweza kuuza shamba zima kwa broka mmoja kabla ya kuvuna. Broka analipa mapema na kwa wingi, kwa sharti moja: usimuuzie mwingine hata kilo.

6/ Kwa nini broka alipe zaidi kwa sharti hilo? Kwa sababu sasa kila mwenye njaa lazima apitie kwake. TV ya kulipia iko hivyohivyo. Ikiwa mechi ziko pia kwa stesheni ya bure, nani atanunua dikoda? Upekee ndio bidhaa yenyewe. Ukiuondoa, bei ya mechi inaanguka, na anayeumia kwanza ni klabu.

7/ Lakini mkulima huyo naye ana hatari zake. Broka akikimbia katikati ya msimu, shamba limebaki na wateja wote wa zamani wameshatafuta kwingine. Shika mfano huo vizuri. Soka yetu imeupitia zaidi ya mara moja, tutafika huko.

8/ Biashara hii kwa sura ya leo ilianzia Uingereza mwaka 1992. Klabu kubwa zilijitenga zikaunda Premier League, kisha zikauza mechi za moja kwa moja kwa TV ya kulipia ya BSkyB, katika mkataba wa miaka 5 uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304. Wengi walicheka. Leo pesa za TV ndizo zinazonunua wachezaji unaowaona kwa skrini hapa Kutus.

9/ Kwetu? Wazee watakuambia walikua na redio. Sauti ya Kenya, baadaye KBC, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikikupeleka uwanjani bila picha. Mpira ulikuwa wa kila mtu kwa sababu ulisikika bure. Lakini tuseme ukweli wote: klabu hazikupata pesa za maana kwa kusikika huko.

10/ Kisha ikaja SuperSport. Kwa karibu miaka kumi, hadi 2017, ligi yetu ilionyeshwa kwa kamera nzuri, wachezaji wakaonekana Afrika nzima, klabu zikapata mgao. Mwaka 2017 kukazuka mvutano kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. SuperSport ikasema mkataba umevunjwa, ikaondoka. Broka amekimbia, shamba limebaki.

11/ Mwaka 2020 shirikisho likatia saini na StarTimes: miaka 7, shilingi milioni 110 kwa mwaka. Haukufika mwisho. Mwaka 2023 likaingia na Azam TV: miaka 7 tena, karibu dola milioni 9 kwa jumla, yaani kama shilingi bilioni 1.3 za wakati huo.

12/ Fanya hesabu na mimi. Bilioni 1.3 ugawanye kwa miaka 7 ni kama milioni 186 kwa mwaka. Ugawanye kwa timu 18, kila timu inapata kama milioni 10, hata kabla shirikisho halijakata chake. Hiyo ni mishahara, basi, hoteli, uwanja, na daktari wa timu kwa mwaka mzima. Si pesa ndefu.

13/ Sasa tazama jirani. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na shirikisho la Tanzania: miaka 10, shilingi bilioni 225.6 za kwao. Kwa dola za wakati huo ni karibu milioni 97. Yaani mwaka MMOJA wa ligi ya Tanzania unathamani kubwa kidogo kuliko miaka SABA ya ligi yetu. Kampuni ni ileile.

14/ Kwa nini? Si kwamba Watanzania wana pesa kuliko sisi. Simba na Yanga zinajaza uwanja na zinajaza vibanda. Mtu ananunua king'amuzi kwa sababu ya ligi ya nyumbani. Kwetu tunanunua dikoda kwa sababu ya Arsenal na Man U, halafu tunauliza kwa nini ligi yetu ni ya bei ya chini.

15/ Kabla hujawapigia Tanzania makofi, ujue pia kuwa kundi la biashara linalomiliki Azam Media ndilo lenye klabu ya Azam FC, inayocheza kwenye ligi hiyohiyo. Mwenye kamera ana timu uwanjani. Sisemi kuna ubaya umefanyika. Nasema ni swali halali, na hapa kwetu siku mwekezaji kama huyo akija tunapaswa kuliuliza mapema.

16/ Haya, twende kwa hoja za majukwaani.

HOJA YA KWANZA: "Serikali iamuru mechi zote ziwe bure."

Nchi kadhaa zimefanya kitu kinachofanana na hicho. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2005 inakataza TV ya kulipia kushika haki za kipekee zinazozuia michezo ya kitaifa kufika kwa TV ya bure. India ina sheria ya 2007 inayolazimisha picha za michezo ya umuhimu wa kitaifa zigawiwe shirika la utangazaji la umma. Uingereza ina orodha yake chini ya sheria ya 1996.

17/ Lakini soma hizo orodha vizuri. Ya Uingereza ina Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA. Premier League HAIMO. Hata kwao, ligi ya kila wiki ni biashara. Kinacholindwa ni zile siku chache ambazo taifa zima linakaa pamoja mbele ya skrini moja.

18/ Kwa hivyo mheshimiwa akisema "mpira utakuwa bure", muulize: mpira upi? Akisema Harambee Stars, hoja ina miguu, na mfano upo nje. Akisema ligi yote ya Kenya, atuambie nani atazilipa klabu zile milioni 10. Akisema Premier League ya Uingereza, mpigie makofi kwa ucheshi kisha urudi kwa shughuli zako.

19/ Na hoja ya timu ya taifa ina nguvu kwa sababu ya pesa. Tiketi za ndege za timu ya taifa, kambi, posho, viwanja: sehemu kubwa ni kodi. Mama anayeuza nyanya sokoni Kagio amechangia kwa kila bidhaa ya kodi aliyonunua. Amelipa kuingiza timu uwanjani, halafu anaambiwa alipe tena kuitazama? Hilo halihitaji shahada ya sheria kulielewa.

20/ Na saa inatukimbia. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Wakati wa kuuliza nani ataona mechi hizo bure ni sasa, kabla ya wino kukauka, si siku ya ufunguzi. Mkataba ukishatiwa saini, kelele za bunge huwa ni za kujifurahisha.

21/ HOJA YA PILI: "Tuvunje ukiritimba, kampuni zikiwa nyingi bei itashuka."

Inasikika vizuri. Kwa unga na simu imefanya kazi. Kwa mpira mambo huenda kinyume, kwa sababu mechi moja haina mbadala. Ukigawa mechi kwa kampuni mbili, na kila moja ina upekee juu ya fungu lake, shabiki hachagui dikoda. Ananunua ZOTE MBILI.

22/ Uingereza waliona. Wakubwa wa ushindani wa Ulaya walisisitiza kampuni moja isichukue mechi zote. Kuanzia msimu wa 2007 Setanta ikapata sehemu. Shabiki akaanza kulipa sehemu mbili. Mwaka 2009 Setanta ikaanguka huko Uingereza.

23/ Afrika nayo iliona, tena wengi wenu mnakumbuka. GTV iliingia 2007, ikachukua sehemu kubwa ya mechi za Premier League kwa bara letu, ikauza dikoda kwa bei nafuu. Watu wakafurahi kwamba mkubwa amepata mpinzani. Mwisho wa Januari 2009, katikati ya msimu, ikafunga. Waliolipia walibaki na sahani juu ya mabati.

24/ Je, hii inamaanisha ukiritimba ni mzuri? La. Inamaanisha dawa si "kampuni nyingi" peke yake. Dawa zinazojadiliwa na wanaoelewa ni hizi: zabuni ya wazi, mkataba wa miaka michache, fungu moja la mechi litengwe kwa TV ya bure, na kampuni iliyoshinda ilazimike kuwauzia wengine picha kwa bei inayoeleweka. Hizo hazipigiwi makofi kwenye mkutano, ndiyo maana huzisikii.

25/ Urefu wa mkataba ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 shirikisho la Afrika, CAF, liliuza haki zake kwa Lagardère ya Ufaransa kwa miaka 12, thamani ya dola bilioni 1. Mwaka 2019 likaufuta. Ona pia mikataba yetu ya miaka saba saba. Viongozi wa shirikisho huchaguliwa kwa miaka minne. Anayetia saini leo hatakuwepo kujibu maswali.

26/ HOJA YA TATU: "Tazameni tu kwa stream za wizi, mnaowaumiza ni matajiri."

Nimewahi kuzitazama, sitajifanya malaika. Lakini tofautisha. Ligi kubwa ya Ulaya haitafilisika kwa simu yako. Ligi ya kwetu ndiyo inayoweza kufa, kwa sababu kampuni inapohesabu walionunua dikoda na kukuta wachache, inaondoka. Na stream hiyo imejaa matangazo ya kamari yanayomlenga mdogo wako wa kidato cha pili.

27/ Kwa wenye baa pia kuna mtego. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukikiweka kwa baa unaonyesha umma bila ruhusa. Kesi maarufu ni ya mama mmoja mwenye baa kule Portsmouth, Uingereza, aliyetumia dikoda ya Ugiriki kwa sababu ni rahisi. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kuzuia watu kununua dikoda ya nchi nyingine ya Muungano ni kinyume cha soko huria, lakini kuonyesha nembo na kazi za ligi kwa wateja bado kunahitaji ruhusa.

28/ Mwenye baa hapa Kutus analipa leseni ya biashara, leseni ya pombe, ada za muziki, na juu yake kifurushi cha biashara. Kisha tunamlaumu kwa kutufukuza dirishani. Yeye naye anahesabu chupa.

29/ HOJA YA NNE: "Kaunti itatuletea mpira."

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Utangazaji wa redio na TV ni kazi ya serikali ya KITAIFA. Anayegombea kiti cha kaunti akiahidi mechi kwa TV ya bure anaahidi ng'ombe wa jirani.

30/ Lakini usimwachilie hivyo. Jedwali hilohilo linaipa kaunti michezo na viwanja vyake, leseni za pombe, na maonyesho ya video. Kwa hivyo kaunti INAWEZA kuweka skrini ya umma siku ya mechi ya taifa kwa kulipia haki zinazotakiwa. Inaweza kupunguza ada kwa ukumbi usiouza pombe unaoonyesha mpira kwa watoto. Inaweza kuweka uwanja wenye taa na jukwaa la kamera. Bila uwanja wa kurekodia hakuna haki za kuuza.

31/ Uwanja wa Wang'uru ulitengenezwa tukaufurahia, Mashujaa Dei ya 2021 ikafanyika pale taifa zima likitazama. Swali la kawaida kabisa: tangu siku hiyo, ni mechi ngapi za vijana wa Kirinyaga zimeonekana kwa TV kutoka pale? Muulize mwakilishi wako wa wadi, kwa upole.

32/ HOJA ambayo hakuna anayeitaja. Uingereza, tangu miaka ya 1960, kuna sheria ya mpira: Jumamosi mchana, kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo, mechi hazionyeshwi moja kwa moja kwa TV za huko. Lengo ni watu waende viwanjani kutazama timu ndogo za mitaa yao.

33/ Maana yake ni hii: mechi ya saa tisa mchana kule, ambayo kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kulingana na majira yao, kijana wa Kutus anaiona moja kwa moja kwa dikoda, na mkazi wa Manchester anayeishi kando ya uwanja haioni kwa TV yake. Wao wamelinda timu zao ndogo. Sisi hatujalinda zetu hata kwa saa moja.

34/ Hapa Mlimani tuna Murang'a SEAL, iliyopanda ligi kuu mwaka 2023, na uwanja wake wa nyumbani. Si mbali. Ni wangapi kati yetu tunaojua kikosi cha Arsenal kwa moyo tumewahi kulipa kiingilio pale? Mimi mkono wangu uko chini. Sheria peke yake haitaleta TV kwa ligi isiyo na watazamaji.

35/ Tahadhari moja kwa wanaosema "waziri aingilie kati, avunje mkataba". Mwaka 2022 FIFA ilitufungia kuanzia Februari hadi Novemba kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho. Kutunga sheria ya utangazaji inayohusu wote ni jambo moja. Kuingia ofisini kwa shirikisho na kubadilisha wenyewe ni jambo lingine. Mheshimiwa anayechanganya hayo mawili atatugharimu msimu.

36/ Kwa hivyo, maswali matano ya kubeba mfukoni:

Mpira upi: timu ya taifa, ligi ya nyumbani, au ya Ulaya?
Nani atazilipa klabu pengo hilo?
Kazi hiyo ni ya kiti unachogombea, au ya kingine?
Utaunga mkono mikataba ya shirikisho ichapishwe ili tuone mgao wa kila klabu?
Uwanja wetu utakuwa na taa na nafasi ya kamera lini?

37/ Swali la nne ndilo linalouma. Tunapigana mtandaoni kuhusu mabilioni ambayo hatujawahi kuyaona kwa karatasi. Ibara ya 35 ya Katiba inazungumzia haki ya kupata habari, na tuna sheria ya mwaka 2016 ya kuitekeleza. Timu inayovaa bendera ya nchi haipaswi kuwa na mkataba wa siri.

38/ Nimalizie na jambo la karibu. Kuna kijana wa mtaa wetu aliyewahi kuchezea timu ya ligi. Mama yake hakuwa na dikoda. Siku za mechi alikuwa anakaa nje ya duka la jirani, na mwenye duka alikuwa anamsomea kutoka kwa simu: "Ameingia." "Ametolewa." Siku mtoto alipofunga, mama alisikia kwa maneno mawili, akainuka akacheza peke yake pale barabarani.

39/ Mama huyo hakuwa anadai Premier League bure. Alitaka kumwona mtoto wake. Ahadi yoyote ya mpira na TV, ipime kwa huyo mama: je, baada ya ahadi hii kutimizwa, atamwona? Kama jibu ni ndiyo, eleza vipi. Kama jibu ni hapana, shuka kwa gari tuongee mambo ya maji na barabara.

40/ Mwisho wa uzi. Ukiona kosa nirekebishe kwa heshima, matusi peleka kwengine. Wiki ijayo tutafafanua kwa nini kila mgombea huahidi bei ya mpunga na hakuna anayesema itatoka wapi. Mtumie uzi huu yule jamaa yako wa grupu anayejua kila kitu.